Mbio za baiskeli za usiku kucha: nani anamwamsha nani?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mdogo wangu yuko Moshi, yeye na wenzake wanataka kuandaa mbio za baiskeli za milimani za saa 24, timu ya watu wanne, mmoja yuko njiani watatu wanapumzika, wanapokezana hivyo mpaka kesho yake. Wazo zuri sana na naliunga mkono kwa moyo wote ila kila tukiongea kwenye simu habari ni tairi gani, taa za bei gani, nani ana pumzi, hamna hata mmoja anayeuliza nani atamwamsha nani saa tisa usiku. Jamani hapo ndo timu zinapopoteza mbio.

Mimi naishi Inverness, Uskoti, na mwezi wa kwanza huwa nawasaidia jamaa zangu kwenye Strathpuffer, mbio za huku za baiskeli za milimani za saa 24, inaanza Jumamosi saa nne asubuhi mpaka Jumapili saa nne, msituni, mara nyingi barafu tupu, na giza ni kama saa 17 maana huku majira hayo jua linawahi sana kuzama. Moshi usiku ni saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo nusu nzima ya mbio ni gizani.

Mtindo huu wa timu ulishika Marekani, West Virginia, mwaka 1992 Laird Knight alipoandaa 24 Hours of Canaan, na mpaka leo utaratibu ni uleule, unamaliza raundi, unaingia hema la kupokezana, unamkabidhi mwenzio kijiti au chipu (kile kidude cha kurekodi muda), anatoka. Asipokuwepo unasimama hapo unatetemeka na muda unakatika. Kupunguza dakika moja kwenye raundi mtu anatoka jasho la damu, alafu hapo hemani mnatupa dakika kumi kisa mtu kalala!

Piga hesabu. Raundi ikichukua saa moja, kila mtu ana saa tatu kabla ya zamu yake. Toa muda wa kuvua nguo zilizoloa, kula, kuosha baiskeli na kupaka cheni mafuta, toa nusu saa ya kuamka na kufika hemani mapema, usingizi unabaki saa moja na ushee kama unao. Ndo maana usiku wengi wanapiga raundi mbili mbili, ama wanagawana, wawili wanapokezana mpaka saa nane wakati wale wengine wamelala kabisa, alafu wanabadilishana. Mimi kwenye baridi nachagua hiyo ya kugawana, kwa sababu raundi ya pili mfululizo vidole vinakufa ganzi kwenye breki na betri ya taa inaweza isifike.

Lakini mpango wowote unataka mtu wa tano ambaye hapandi baiskeli kabisa na ambaye akisema toka, unatoka. Kazi yake ni ubao: jina, saa aliyotoka, saa anayotegemewa kurudi, na asitumie muda wa mchana kukisia wa usiku maana gizani kila mtu anapungua kasi, arekebishe kila raundi. Akienda kuamsha mtu asiridhike na "nimeamka", nani hajawahi kusema nimeamka huku macho yamefumba, amshike mguu, amkalishe, ampe chai mkononi na asiondoke mpaka aone amevaa viatu. Na betri zifungwe utepe, nyekundu imetumika, kijani imejaa, maana saa tisa usiku zote zinafanana na mtu anaweza kuingia msituni na taa ya robo saa.

Kwa waandaaji nawaomba mambo mawili tu. Hema la kupokezana liwe na mwanga wa kutosha, na awepo mtu kwenye kona ya mwisho wa kuita namba ya anayekuja ili mwenzake asogee mstarini. La pili, sheria ya raundi ya mwisho iandikwe mapema na isomwe mbele ya timu zote, kwamba aliyetoka kabla ya muda kuisha na akarudi muda umepita, raundi yake inahesabiwa au haihesabiwi, kwa sababu mbio zinatofautiana kwenye hilo na ugomvi wa asubuhi watu hawajalala ni mbaya sana.

Msomaji wenu,
Inverness, Uskoti