Hamisi, hizo daimu usizisugue

Hamisi mwanangu,

Vipi hali, wazima huko Houston? Mimi huku Columbus nipo tu, shifti za usiku na baridi vimenikomesha, ila picha yako ya lile kopo la daimu (visarafu vya senti kumi vya Marekani) aliloliacha bibi jirani imenitoa usingizi, nimeikuza mpaka macho yakauma.

Kwanza kabisa usizisugue! Mwaka juzi niliokota daimu pale kwenye mashine ya kuhesabia chenji supamaketi, unajua mashine inazitema zile za madini ya fedha kwa vile madini yake ni tofauti na ya sasa, na watu wanaziacha kwenye kijisahani wanaenda zao. Ilikuwa ya 1921, nyeusi tii, nami kwa ujuaji nikaisugua na magadi na ndimu kama masufuria ya mama kule Tanga. Ikang'aa ile mbaya! Nikampelekea mzee mmoja anayenunua sarafu, kaiweka chini ya lenzi, kaguna, kasema umeshaiua hii. Mwaka ule kiwanda cha sarafu cha Philadelphia walitoa milioni moja na laki mbili na ushee tu, wakusanyaji wanaitafuta, mi nikaambulia bei ya fedha yake na chai juu.

Basi zichambue hivi, za 1964 kurudi nyuma weka pembeni, hizo ni fedha asilimia 90, shaba 10, kuanzia 1965 ni shaba iliyovalishwa nikeli na ukiiangalia ubavuni unaona mstari mwekundu. Ile ya zamani ubavu wote mweupe, na ukiidondosha mezani inalia kama kengele, hizi mpya zinasema ta! basi. Daimu moja ya zamani ina uzito wa gramu 2.5, fedha iliyomo ni aunsi 0.0723, kwa hiyo chukua bei ya aunsi ya fedha ya siku hiyo zidisha kwa 0.0723, yaani aunsi ikiwa dola 30 daimu moja ni kama dola 2.17. Imechakaa sana inapungua kidogo. Zenye sura ya rais Roosevelt za 1946 mpaka 1964 nyingi bei yake ni hiyo hiyo, usijipe presha.

Sasa zile za dada mwenye kofia ya mabawa (watu wanaziita Mercury, jina la mungu wa Warumi, kumbe yule ni Uhuru aliyechorwa kama mwanamke) zigeuze moja moja, nyuma chini karibu na neno ONE tafuta kiherufi. Ya 1916 yenye D ya kiwanda cha Denver zilitoka 264,000 tu, hata iliyolika inauzwa mamia ya dola, ila matapeli wanabandika D ya uongo kwa hiyo usianze kushangilia bila mtaalamu kuiona. Na ya 1942 angalia ile 2 kama ina 1 imejificha chini yake, hiyo nayo si mchezo.

Halafu kaka, kwenye picha hiyo daimu ya juu kushoto umeifunika tarehe na kidole gumba, naona 191 halafu kucha yako. Toa kidole upige tena, na nyuma yake pia, nitumie leo leo kabla sijaingia kazini.

Wako,
Jumaa