Barua kwa mpwa wangu, bwana shamba mpya

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia umepangiwa kata huko Nachingwea na pikipiki umeshakabidhiwa. Hongera sana. Kwetu mjomba ndiye huitwa jambo likiwa zito, na kazi uliyopewa naiona nzito.

Nimesoma utafiti wa Brian Wynne, mwanasosholojia wa Uingereza aliyechunguza namna sayansi ya serikali inavyokutana na watu. Mwaka 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka, na mvua ikamwaga siziamu, madini yenye mionzi, hata kwenye milima ya Cumbria huko Uingereza, kwa wafugaji wa kondoo. Mwezi Juni serikali ikazuia kondoo kuuzwa, ikisema ni wiki tatu tu. Hesabu hiyo ilitokana na udongo wa mfinyanzi, unaoikamata siziamu. Udongo wa kule milimani ni wa mboji wenye tindikali: siziamu inarudi kwenye majani, kondoo anaila tena. Zuio la mwisho liliondolewa mwaka 2012.

Lililonigusa zaidi ni jaribio la bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi uliotarajiwa kuinasa siziamu. Wataalamu waliinyunyiza ardhini, wakawafungia kondoo ndani ya uzio wapate kuwapima. Wafugaji wakawaambia: kondoo hawa wamezoea kutembea mlimani, mkiwafungia watadhoofika. Hawakusikilizwa, na baadaye jaribio likaachwa kimyakimya. Wynne aliona kwamba wafugaji wale hawakuikataa sayansi kwa ujinga. Imani iliwatoka kwa sababu waliosema kwa uhakika mkubwa hawakuwauliza chochote.

Nawe unakwenda Nachingwea, mpwa wangu! Mwaka 1946 ujumbe wa Wakefield, uliotumwa kukagua ardhi, ulizunguka wiki tisa tu, na serikali ya Uingereza ikapanga karanga kwenye zaidi ya ekari milioni tatu, Nachingwea ikiwemo. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa. Reli iliyojengwa kuleta karanga bandarini Mtwara nayo iling'olewa.

Sisemi utaalamu hauna kazi. Bila salfa, dawa ya unga, na watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele hapa Mtwara, ugonjwa wa ubwiriunga ungekuwa unatumalizia maua ya mikorosho kila mwaka. Salfa naiamini, na alfajiri ya umande naamka kupuliza. Ila msimu mmoja tuliletewa tarehe moja ya kupuliza kwa kijiji kizima. Bibi yako akasema mikorosho ya bondeni bado haijachanua. Aliyeleta karatasi alimjibu, "Mama, hii imetoka juu." Tukapuliza. Maua ya bondeni yalipotoka salfa ilikuwa imekwisha, yakanyauka tukiyaangalia. Bibi yako hakumlaumu mtu, lakini tangu siku hiyo bwana shamba akija yeye huenda jikoni.

Jumamosi ukipita Newala kwa bibi yako, usianze na simu wala fomu. Mwombe akupeleke bondeni, umuulize mkorosho upi huchanua kwanza na upi huchelewa, uandike kama anavyosema yeye. Kisha ripoti yako ya kwanza kwa wakubwa zako iwe na maneno hayo, hata kama fomu haina nafasi yake. Andika nyuma ya karatasi.

Mjomba wako,
Mtwara