Barua kwa Mama Neema, binti anapokwenda chuo

Korogwe,
Jumapili jioni.

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi hatujambo, mawingu ya vuli ndiyo yanaanza kujikusanya. Natumai nanyi Songea mu wazima, na bibi presha yake imetulia.

Neema kapangiwa chuo kikuu Dodoma! Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni mpaka mwanangu mdogo akaja mbio kuuliza kuna nini. Nilitaka kukupigia pale pale, kisha nikaona niliyo nayo moyoni simu haitayabeba, acha nikae niandike kama tulivyokuwa tukiandikiana zamani.

Umeniuliza anunuliwe nini. Hilo jepesi. Godoro, mashuka, ndoo mbili, pasi, na sweta zito, maana upepo wa Dodoma mwezi wa sita hauna huruma. Vyeti halisi na kopi zake kwenye bahasha moja asiyoiachia mkononi, picha za pasipoti za kutosha, na ile fomu ya afya ijazwe na daktari kabla hajasafiri. Basi, hayo yamekwisha.

Ila hukuniuliza habari za nyinyi mnaobaki, na huko ndiko mimi nilikoumia.

Mwanangu mkubwa Baraka alipoondoka kwenda chuo miaka miwili iliyopita, wiki mbili nzima mdogo wake alilala amejibana ukutani, nusu ya godoro tupu, kana kwamba kaka yake katoka uani atarudi. Sikumwambia kitu. Usiku mmoja nilimkuta kalala katikati, mikono na miguu huku na huku. Nikafunga mlango polepole, nikaenda kulia mimi.

Kwenu Neema ndiye anayeshika daftari la genge, na ndiye anayempa bibi dawa. Kazi hizo zisimwangukie mdogo wake siku basi linapoondoka. Neema angali hapo, wakae naye jioni mbili tatu: kidonge kipi asubuhi, kipi usiku, nani anadaiwa na nani hakopeshwi tena. Mimi sikufanya hivyo, na yule mdogo alichapwa na baba yake kwa makosa ambayo hakuna aliyekuwa amemfundisha kuyaepuka. Bado linanikera.

Sasa pesa. Hapa nivumilie, nitaeleza kwa urefu.

Watu wakisikia mtoto kapata mkopo wanadhani kaajiriwa. Bumu, kama wanafunzi wenyewe wanavyoziita pesa za kujikimu za mkopo huo, ni shilingi 10,000 kwa siku, na hutolewa kwa mkupuo wa miezi miwili, kwa hiyo anasaini laki sita kwa siku moja. Laki sita taslimu hata mimi mwalimu nikizishika naziona nyingi. Lakini humo mna chai, chakula cha mchana na cha usiku, chumba, na siku sitini za kuzifikisha. Tena ni deni: akipata ajira anakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka liishe.

Nilijua yote hayo na bado nilimkosea mwanangu. Mwaka wake wa kwanza, Novemba, nilimpigia nikiwa nimechoka, nikamweleza kwamba upepo umeng'oa paa la jiko na baba yake hajalipwa pesa za mahindi. Sikumwomba kitu. Nilikuwa nazungumza na mwanangu mkubwa kama nilivyozoea. Siku ya tatu ujumbe ukaingia kwenye simu: laki moja na themanini kutoka kwa Baraka. Nikamshukuru Mungu, nikaenda kununua bati. Mama Neema, nilinunua bati!

Alipokuja Krismasi, alipovua shati akaoge, nikaona mkanda wake una tundu jipya, limetobolewa kwa msumari wa moto, vidole vinne kutoka tundu la zamani. Nikamuuliza. Akasema wanafunzi wengi wanapiga pasi ndefu, yaani unakula mara moja, saa tisa alasiri, ukimaliza umekula chai, mchana na usiku. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza ratiba ya vipindi. Bati lile liko juu ya jiko mpaka leo. Nikisonga ugali nalitazama.

Kwa hiyo, shoga yangu, shida za pesa za nyumbani tafuta mtu mzima mwenzako wa kumwambia. Niambie mimi. Na ukoo nao ujulishwe mapema: michango ya harusi, ada za binamu, vyote viende kwa baba yake. Sisi tulilitamka wazi mbele ya watu. Mashangazi wawili walinuna mpaka Pasaka, lakini simu za kuomba zilikoma.

Baada ya lile la bati nikaangukia upande wa pili, nikawa namficha kila kitu. Mwaka wake wa pili, mama mkwe alipozidiwa mwezi wa Februari, Baraka alikuwa kwenye mitihani ya kufunga muhula. Tukakubaliana na baba yake kwamba asiambiwe mpaka amalize, na ndugu wote tukawaonya. Bibi akafariki Jumanne, tukazika Alhamisi. Alhamisi hiyo hiyo mchana Baraka katoka kwenye mtihani wa mwisho, kawasha simu, kakuta picha ya bibi yake kwenye kundi la ukoo, na mshumaa umechorwa pembeni. Kuna mtu alisahau. Alifika usiku wa manane. Hakutugombeza. Alikaa kaburini mpaka jua likapanda, akarudi, akanywa maji, akasema, "Mama, mmenifanya mgeni."

Tulikaa chini sisi watatu siku hiyo, na tulichopatana ndicho ninachokusihi mkipatane na Neema kabla hajaondoka. Ugonjwa mkubwa na msiba aambiwe siku hiyo hiyo, kwa sauti yako au ya baba yake, kabla ya kundi lolote, hata kama kesho ana mtihani. Kuja au kutokuja aamue yeye. Naye kwa upande wake asiwafiche: akipata sapu, yaani somo la kurudia mtihani, akiugua, akiishiwa. Baraka alikuwa amekaa na sapu ya somo moja miezi minne akiogopa uso wa baba yake, na siku hiyo ndipo alipoitoa. Baba yake alimuuliza tu mtihani wa kurudia ni lini.

Kupiga simu, msipige kila saa. Sisi ni Jumapili jioni. Namjua Baba Neema, atachukua simu aulize "Umekula?" kisha akurudishie. Mwache hivyo hivyo. Baraka ameniambia ile "umekula" ya baba yake ndiyo anayoingoja.

Jambo moja tu la mwisho. Kutoka kwenu kupitia Njombe, Iringa na Mtera ni safari ya kutwa nzima, na najua nauli ya watu wawili inauma. Lakini kama mnaweza, mmoja wenu amsindikize, alale Dodoma usiku mmoja. Kile chuo kimetawanyika, ndaki moja na nyingine, yaani vitengo vyake vya masomo, ni mwendo. Aione ndaki yake, aone kitanda, aone dirisha linatazama wapi. Mimi sikwenda na Baraka, na mwaka mzima nilikuwa nikimuwaza usiku sina mahali pa kumuweka.

Basi likiondoka nipigie. Usingoje ufike nyumbani utulie. Nipigie ukiwa bado stendi.

Wako wa tangu kitanda cha juu bwenini,
Mama Baraka