Mgonjwa wa kiharusi akianza kutembea ndo aangaliwe zaidi

Mhariri, nimesoma habari yenu ya kiharusi nikaona kuna kitu kimeachwa, nacho ni kuanguka. Wengi tunadhani anayeanguka ni yule asiyejiweza kabisa, kumbe yule anageuzwa na kubebwa na ndugu, anayeanguka sana ni huyu wa katikati aliyeanza kupata nafuu, mguu bado mzito lakini moyoni anajiona kapona. Baba yangu alikuwa anakula mwenyewe, shati anavaa mwenyewe kwa kuanzia mkono mbovu, tukafurahi sana, usiku akaamka kwenda chooni bila kuita mtu, ndala ikakwama kwenye kizingiti, akavunjika nyonga. Hospitali tulipewa dawa za presha tu, hakuna aliyetuuliza choo chetu kikoje.

Kipimo cha Barthel, cha kuona mgonjwa anajiweza mwenyewe kiasi gani, kipo tangu 1965, kinaangalia mambo 10 kama kula, kuoga, kwenda chooni na kupanda ngazi, alama 0 mpaka 100, wala hakihitaji mashine, ni kalamu na karatasi tu. Naomba Wizara ya Afya iagize kila mgonjwa wa kiharusi apimwe hivyo kabla ya kuruhusiwa, na anayemuuguza aambiwe kwa Kiswahili cha kawaida, hapa anajiweza, hapa mshike. Tufundishwe na kumnyanyua, maana sisi tulikuwa tunamvuta mkono uliopooza kumbe tunamuumiza bega. Na choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti na bomba la kushikia ukutani, hiyo fundi wa kuchomelea wa mtaani anaiweza.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam