Harambee ya binti yetu wa Mrima, anaenda kusomea nyuklia Cape Town

Assalamu alaykum na habari zenu nyote, mlio hapa Kwale na mlioko Gulf.

Naandika kwa niaba ya kikundi chetu cha akina mama. Binti yetu, yule mliyekuwa mnamcheka akibeba mifuko ya udongo kutoka mlima Mrima, kapata nafasi ya masters Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini, na utafiti wake ataufanyia iThemba LABS, maabara ya taifa ya huko ya utafiti wa nyuklia, nje ya Cape Town.

Ule udongo haukuwa mchezo jamani. Mrima una thoriamu, metali inayotoa mionzi yenyewe, ndiyo maana mionzi yake ya asili iko juu kuliko kwingi, sisi tunaujua kwa miti ya dawa tu. Yeye projekti yake ya digrii ilikuwa kuupima na detecta, kifaa cha kunasa mionzi, kuhesabu miale ya gama, mionzi mikali isiyoonekana kwa macho, na tangu hapo hataki kusikia kazi nyingine.

Kuna mzee kashaniuliza kama anaenda kutengeneza bomu. La! Huko kuna mashine, saiklotroni, inazungusha protoni, chembe ndogo za ndani ya atomu, mpaka zinapita nusu ya kasi ya mwanga, halafu zinagongeshwa kwenye kipande chembamba cha metali, viini vya atomu vikishtuka vinatoa gama na watafiti wanazisoma kwa detecta zilizotengenezwa kwa madini ya jemaniamu. Hizo detecta hazitaki joto kabisa, hunyweshwa naitrojeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na zamu yako ikiwa saa tisa usiku ni kuamka (huyu tuliyekuwa tukimvuta miguu kula daku!). Kituo hichohicho kinatengeneza dawa za mionzi zinazotumika hospitalini.

Sasa shida iko hapa. Karo ina mfadhili na posho ya mwezi ipo, lakini posho haitoki mpaka afike, asajiliwe, afungue akaunti, na kabla ya hapo kila mtu anataka chake, viza ya masomo, bima ya afya ya kulekule inayolipwa kwanza ndio viza itoke, daktari, cheti cha polisi, tiketi, dipoziti ya chumba. Jumla shilingi 280,000. Tunazo 95,000, na humo kuna pesa za mbuzi wa mamake, sisemi zaidi atanikasirikia.

Harambee ni Jumamosi hii baada ya alasiri, uwanja wa shule ya msingi. Jogoo wa mnada wapo. Mwenye leptopu nzima iliyolala kabatini aje nayo. Waheshimiwa karibuni, ila hotuba dakika mbili.

Mlio mbali tumeni kwa mweka hazina wetu peke yake, namba yake imepiniwa kwenye grupu, mtu mwingine akikwambia katumwa usimpe, na majina yote yatasomwa jioni hiyohiyo hata kama umetoa mia.