Barua ya Wazi kwa Vijana wa Mwanza Walioanza Kuvuta Siga

Kwenu wanangu mnaokutana jioni kando ya ziwa, pale Capri Point,

Salaam nyingi. Nimepata habari kwamba wengi wenu mmeanza kuvuta siga, zile sigara nene zinazosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku bila karatasi, na kwamba wawili watatu kati yenu wameugua kwa kuzivuta kama sigara za dukani. Wazazi wenu ni rika langu, na baadhi yenu nimewajua tangu mnabebwa mgongoni. Nimeona si haki ninyamaze, wala si haki niwagombeze pasipo kuwafundisha.

Nianze na lililo zito. Siga haivutwi hadi kifuani. Moshi huingizwa mdomoni, ukakaa kidogo juu ya ulimi, kisha ukatolewa. Moshi wa sigara ya kawaida una asidi kidogo, ndiyo maana mvutaji huumeza hadi kifuani ili nikotini impate vizuri; lakini jani la siga hukaushwa kwa hewa, likarundikwa na kuachwa lichachuke kwa muda mrefu, na moshi wake huelekea upande wa magadi, yaani kinyume cha asidi, kwa hiyo nikotini hupenya yenyewe kwenye ngozi laini ya ndani ya mdomo. Anayeumeza moshi huo anajitwisha mizigo miwili kwa mara moja, na siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na ile ya pakiti nzima ya sigara. Hapo ndipo jasho jembamba, kizunguzungu na kutapika hutokea. Anayepatwa na hali hiyo aiweke chini papo hapo, akae penye hewa, anywe maji au soda yenye sukari, na asione haya mbele ya wenzake. Kabla ya yote ale kwanza: ugali na sangara tumboni ni kinga, na pombe juu ya tumbo tupu huongeza balaa.

Msije mkadhani kwamba kutoumeza moshi kumewaokoa. Saratani ya mdomo, ya koo, ya zoloto na ya umio huwapata wavuta siga hata wasiomeza. Yule ambaye hajaanza namwomba asianze, na hilo nalisema kwa moyo wote. Yule aliyekwisha kuamua, na ni mtu mzima, basi siga yake iwe ya siku chache katika mwaka, kama harusi au kuzaliwa kwa mtoto, isiwe ya kila Ijumaa.

Katika kununua, jueni kwamba siga nyingi nzuri hutoka Kuba, Jamhuri ya Dominika, Nicaragua na Honduras, na hapa Afrika, Kamerun inasifika kwa jani la nje, lile linalofunika siga. Tumbaku yetu ya Tabora, Urambo na Kahama ni nzuri kwa kazi yake, lakini sehemu kubwa ni ya mvuke, inayokaushwa kwa joto la bani, yaani banda la kukaushia, kwa ajili ya sigara za karatasi. Anayewauzia majani hayo yaliyosokotwa na kuyaita siga anawadanganya. Anayewaletea siga za Kuba kwa bei ya kutupa, katika sanduku lenye kifuniko cha kioo, muageni kwa heshima, kwa maana sanduku la namna hiyo ni alama inayojulikana ya bidhaa bandia. Ibinyeni siga taratibu kwa vidole viwili: isilie kama jani kavu, wala isiwe na sehemu laini inayobonyea. Anayeanza achague ndogo na isiyo kali. Ile iitwayo robusto, yenye urefu wa sentimita 12 na ushee na unene wa karibu sentimita 2, huchukua dakika 45 hadi saa nzima, na kwa mgeni hiyo ni kazi kubwa.

Uhifadhi ndio unaowashinda wengi. Siga hutaka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la karibu nyuzi 20. Mchana wa Mwanza hupita hapo kwa urahisi, na ndani ya gari lililoegeshwa juani hali huwa mbaya zaidi; joto likizidi nyuzi 24 hivi, mayai ya mdudu wa tumbaku yaliyojificha ndani ya jani yanaweza kuanguliwa, mkaikuta siga imetobolewa matundu madogo. Friji nayo huikausha. Msiwe na haraka ya kununua kasha la mbao la gharama. Chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, pakiti ya kutunza unyevu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na kabati la chumba kisichopigwa na jua la alasiri vinatosha.

Mkifika kwenye kukata, kateni kofia tu, ile ncha iliyofungwa, kiasi cha milimita 2, kwa kisu kikali. Mkikata sana, jani la nje hufumuka. Tumieni njiti za mbao au kiberiti cha gesi, kwa kuwa cha petroli na mshumaa huacha ladha yake. Pasheni kwanza ule mwisho mwingine juu ya moto bila kuugusa, mkiizungusha, hadi ukingo wote uwe mwekundu. Hapo upepo wa ziwa ni adui, kwani huichoma siga upande mmoja na kuitia joto linaloleta uchungu. Ketini nyuma ya mawe yetu makubwa, mgongo ukielekea maji. Kuvuta mara moja kwa dakika kunatosha. Ikizima, kung'uteni majivu na muiwashe tena bila wasiwasi. Ikianza kuunguza midomo, imekwisha, hata kama imebaki theluthi nzima mliyoilipia. Iacheni izime yenyewe ndani ya kopo, na kipisi msikitupe ziwani, ambako watu wanachota maji.

Sheria ya nchi ya mwaka 2003 inayosimamia bidhaa za tumbaku inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo msimtume mtoto dukani, hata kwa kiberiti chenu. Msivute ndani ya nyumba wala garini mlimo na watoto, mama mjamzito au mgonjwa wa kifua, na akipita mzee au mama anayekerwa na moshi, sogeeni bila kuombwa.

Atakayejikuta anaitafuta siga asubuhi kabla ya chai, aiache na atafute msaada wa daktari mapema. Atakayeona kidonda au baka jeupe mdomoni lisilopona kwa wiki 3, aende hospitali ya Bugando akaonwe, asilitibu kwa dawa za kuokoteza, wala asisubiri liume.

Wenu katika mapenzi,
Mzee wenu wa Isamilo, Mwanza