Wimbo wanaoupenda kwenye albamu yangu si wangu

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 24, nakaa Ngamiani hapa Tanga na bibi yangu mzaa mama. Kazi yangu ni kuimba na kupiga gitaa. Si taarabu na si Bongo Fleva. Ni gitaa kavu, lile lisilo la umeme, sauti yangu, na ngoma kidogo pale wimbo unapoomba. Watu wa Tanga gitaa hawalishangai. Miaka ya 60 na 70 makundi ya Black Star na Lucky Star walilitia gitaa la umeme ndani ya taarabu na wazee wetu wakalipokea. Kilichowashangaza kwangu ni msichana kukaa kwenye kigoda peke yake, hana kundi wala wacheza shoo, anaimba mambo ya nyumbani kwao.

Nakuandikia kwa sababu ya albamu yangu ya kwanza. Ina miezi minne tangu itoke, na ndani yake mna nyimbo tisa. Nane nimezitunga mwenyewe kwa miaka mitatu, nyingine nimezifuta na kuziandika upya hadi daftari likachakaa. Pesa ya studio niliipata kwenye mchezo, ule wa kuchangiana pesa kwa zamu. Zamu yangu ilipofika nilipokea zote, nikazipeleka kwa prodyuza siku hiyohiyo kabla moyo haujageuka. Nakueleza haya ili ujue kwamba kazi hii sikuiingia kwa mchezo wa kitoto.

Wimbo wa tisa ndio wenye kesi.

Bibi yangu anasuka ukili. Tangu nina akili zangu, kila jioni hukaa barazani, ukindu umelowa kwenye karai pembeni yake, na mikono ikishashika mwendo huanza kuimba. Wimbo ni uleule siku zote, beti mbili, akizimaliza anarudi mwanzo. Beti la kwanza linaanza hivi:

Mgeni wangu wa kusi, mbona hukuaga mtu,
chai yako imepoa, sitii sukari katu.

Siku ya mwisho ya kurekodi tulibakiwa na saa moja tuliyokwisha kuilipia. Nikamwambia prodyuza, acha niimbe kitu cha bibi, nikaimba mara moja tu bila kurudia. Alipozima mtambo alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hii ndiyo albamu." Mimi nikaona ananipa moyo tu.

Sasa nikwambie jinsi watu walivyoipokea, maana hapo ndipo yalipoanzia. Wiki za mwanzo nilikuwa nalala na simu mkononi. Vijana wenzangu walisema imepoa, haina amapiano, ni ya kumlazia mtoto. Watu wazima walisema afadhali huyu, maneno yake yanasikika. Dada mmoja aliandika kwamba huisikiliza akipiga pasi sare za wanawe, na siku hiyo nzima nilitembea kama nimepewa zawadi ya Idi. Lakini wimbo ninaoupenda kuliko zote, nilioutunga baba alipotuondokea, ulipita kama hewa. Hakuna aliyeusifu, hakuna hata aliyeuponda. Nilikuwa nafungua simu usiku kuangalia kama yupo mtu mmoja ameutaja.

Wimbo wa tisa ukaondoka peke yake. Uliingia kwenye stetasi za WhatsApp, ukaingia kwenye bajaji. Jioni moja nilipita nyuma ya ukumbi Makorora nikausikia kwenye kicheni pati, kinamama wanauitikia kwa sauti moja kama wimbo waliokua nao. Huko Boomplay na YouTube, hizo nane ukizijumlisha zote hazifikii huo mmoja. Shangazi, nilisimama nyuma ya ukumbi ule nikalia, na hayakuwa machozi ya furaha peke yake. Nilichokitoa moyoni mwangu kwa miaka mitatu walikiruka, wakakipenda nilichookota barazani.

Na kosa langu nalikiri kwako. Ukipeleka wimbo kwa wanaousambaza mitandaoni, kuna fomu. Inauliza msanii ni nani, mtunzi wa maneno ni nani, mtunzi wa muziki ni nani. Nilipofika wimbo wa tisa nilitoka barazani nikamuuliza bibi, "Bibi, huu wimbo wa nani?" Akajibu bila kuinua macho, "Wetu." Nikarudi ndani nikaandika jina langu, kama nilivyoandika kwenye zile nane. Lile "wetu" la bibi nililigeuza "wangu" kwa kubonyeza kidole tu, na hata wakati ule kuna kitu kilinichoma.

Kisha nikaongeza uongo juu yake. Nilialikwa redioni, mtangazaji akaniuliza wimbo ule ulinijiaje. Ningeweza kusema ni wa bibi. Nikasema ulinijia usiku, mvua inanyesha. Hiyo mvua mpaka leo sijui niliitoa wapi.

Mwezi uliopita, Jumapili baada ya alasiri, walikuja wageni wawili. Mama mmoja wa miaka sitini na kitu na kijana, mjukuu wake. Walitoka Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Walivuka na pantoni asubuhi wakapanda basi hadi mjini, wakawa wanauliza nyumba kwa nyumba. Bibi aliwakaribisha mkekani. Yule mama alipotaja jina la marehemu mama yake, bibi aliinua uso. Marehemu huyo alikuwa kiongozi wao kwenye lelemama, ngoma ya kinamama, huko Pangani, bibi akiwa msichana. Wakaulizana habari za waliokufa, na walikuwa wengi.

Hakuja kwa shari. Aliniangalia akasema, "Mwanangu, hebu niimbie ule wimbo." Nikaleta gitaa. Mikono ilikuwa na jasho hata nyuzi zikateleza. Nikaimba beti zangu mbili, nikanyamaza kama ninavyonyamaza kwenye albamu.

Yeye akaendelea.

Kulikuwa na beti la tatu, Shangazi, na la nne. Aliziimba amefumba macho, sauti imechakaa lakini haitoki kwenye mstari, na mimi gitaa lilikuwa mapajani sijui nifanye nini. Beti la nne ndilo la kufungia, na ndani yake mtunzi amejitaja kwa jina lake, kama walivyokuwa wakifanya watunzi wa zamani ili utungo usipotee njia. Bibi aliuacha ukili ukaanguka. Nadhani alikuwa analijua beti hilo na alikwisha lisahau, au hakutaka kulikumbuka, sijathubutu kumuuliza.

Ndipo tukaelezwa. Mtunzi ni yule marehemu kiongozi wa lelemama, na huyo mgeni wa kusi alikuwa mumewe, baharia wa jahazi. Waling'oa nanga msimu wa kusi kwenda kaskazini, na chombo hakikufika. Habari ilimkuta mkewe amemimina chai. Aliutunga wimbo alipotoka eda, na tangu siku ile hakutia tena sukari kwenye chai hadi alipofariki mwaka 1998. Na mimi wimbo huo nimeupeleka kwenye kicheni pati.

Yule mama hakutaja pesa. Alisema, "Jina la mama lirudi mahali pake." Mjukuu wake ndiye aliyenisubiri mlangoni wakati wa kuaga, akaniambia polepole, "Na hesabu nazo, dada, zije." Hata yeye simlaumu.

Tangu jioni hiyo bibi anasuka kimya.

Nimeuliza huku na huku na kila mtu ananivuta upande wake. Prodyuza anasema ninyamaze. Hoja yake ni kwamba huo ni wimbo wa asili, pwani yote tunaazimana nyimbo tangu enzi na enzi, na nikijitokeza kusema watu watadhani na hizo nane nimeiba. Anasema pia kwamba bila gitaa langu na sauti yangu wimbo ungefia barazani. Rafiki yangu anashauri nimtafutie yule mama chochote nimpe, tumalizane. Mama yangu, aliye Dar, alisema neno moja tu kwenye simu: "Mpeleke bibi yako Pangani."

La prodyuza nililipima sana, maana ndilo tamu. Halafu nikaenda kuisoma sheria ya hakimiliki, ile ya mwaka 1999 ambayo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanaisimamia. Kumbe sanaa ya jadi isiyojulikana ilianza na nani ina sehemu yake, na utunzi wa mtu anayejulikana una sehemu yake. Haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Huyu alifariki 1998. Nikapiga hesabu kwenye ukingo wa daftari: wimbo una wenyewe hadi 2048. Na amejitaja kwa jina ndani ya beti. Sioni ninavyoweza tena kuuita wimbo usio na mtu.

Na sitaki yanikute yanayosimuliwa. Malaika, ambao kila mtu wa Afrika Mashariki anaujua, hadi leo watu wanabishana kama ni wa Fadhili William au wa Adam Salim, na wote wawili wameshatangulia mbele ya haki. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi Mbube mwaka 1939, wimbo ukazunguka dunia nzima kwa majina ya watu wengine, yeye akafa mwaka 1962 akiwa maskini. Binti zake walikuja kupata makubaliano mwaka 2006, miaka 44 baadaye. Nilipokuwa nasoma habari za Linda zamani nilikuwa nawakasirikia sana wale waliomfanyia. Sasa nikikumbuka yule mama wa Bweni na pantoni yake, najiuliza mimi ni nani kwenye hadithi hiyo.

Kwa hiyo kurudisha jina nimekwisha kuamua. Hilo sikuombi ruhusa. Ninachokuomba ni namna ya kulifanya, kwa sababu nimekwama pande tatu.

Kwanza, wasikilizaji. Fomu naweza kuibadilisha kimyakimya, jina la mtunzi likaonekana sahihi na wengi wasigundue. Lakini nilidanganya kwa mdomo wangu redioni, watu wanasikia. Je, nirudi redioni kulekule nikaseme, au inatosha kuandika chini ya wimbo? Naogopa, Shangazi. Nina jina dogo, la miezi minne, na limesimama juu ya wimbo huu mmoja. Nikiuondoa, ni nani atakayerudi kuzisikiliza zile nane? Unaweza kuniona mbinafsi kuuliza hili wakati huu, lakini ndilo linaloniamsha saa tisa za usiku.

Pili, mgao. Mimi naona maneno na sauti ya wimbo ni vya marehemu vyote, si nusu. Rekodi ni yetu, mimi na prodyuza, kwa sababu tuliigharamia na tuliifanya. Pesa iliyoingia hadi sasa si nyingi kama watu wanavyodhani. Mtandao hulipa kidogokidogo. Lakini prodyuza hataki hata kusikia neno mgao, na mkataba wetu ulikuwa wa mdomo. Niwakutanishe yeye na familia ile uso kwa uso, au nitoe kwenye fungu langu peke yangu kwanza ili wale wa Bweni wasisubiri ugomvi wetu uishe?

Tatu, na hili ndilo zito, beti mbili zilizobaki. Yule mama hakuniambia niziimbe, na hakunikataza. Nikiurekodi upya wimbo ukiwa kamili, jina la marehemu litasikika kwa sauti na kila mtu atajua ni wa nani, wala sitahitaji kueleza sana. Lakini kuna sauti inaniambia kwamba zile beti aliziimba pale mkekani kwa ajili ya bibi na mimi, si kwa ajili ya bajaji. Na kuna suala la mahali. Mwezi ujao nimeitwa kuimba kwenye harusi mbili na zote zimeuomba wimbo huu kwa jina. Nawaambiaje maharusi kwamba ni wimbo wa mjane?

Bibi nimemweleza kila kitu, pamoja na uongo wa mvua. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba katika lelemama walikuwa wakiuimba wote pamoja, ndiyo maana akasema "wetu", na kwamba yeye hakuwa na nia mbaya. Namwamini. Nami sitaki yule mama aondoke na dhana kwamba bibi yangu ndiye aliyekula jina la kiongozi wake. Mwenye kosa ni mimi niliyeshika simu.

Jumamosi ijayo tunakwenda, bibi na mimi. Tutapanda basi la asubuhi hadi Pangani, kisha tuvuke. Bibi ameshamaliza kusuka mkeka wa kupeleka, wa ukindu wa rangi, ameufanya kwa siku kumi na hakuimba hata mara moja. Mimi nimeandika karatasi yenye jina la mtunzi, tarehe nitakayoibadilisha fomu na hesabu ya pesa iliyoingia hadi leo, niiache mikononi mwao. Kuna jambo moja nimeshindwa kuliamua tangu juzi, na nakuomba unijibu kabla ya siku hiyo ukiweza: gitaa, nilibebe au niliache nyumbani?

Ni mimi binti yako,
Mwimbaji wa Ngamiani, Tanga